Mbuzi wa Mtaala

Tegeni sikio niwasimulie, na atakayeona hadithi inamgusa asogee pembeni kidogo, nafasi ipo. Palikuwa na nchi moja, si ya zamani wala si ya mbali, ambayo jina lake silitaji kwa sababu ya adabu tu. Nchi hiyo iliwapenda watoto wake kupindukia. Iliwaweka mia na ishirini katika darasa moja ili wasione upweke, ikawapa mtihani kila Ijumaa ili wasichoke kuungoja wa mwisho wa mwaka, na waliofeli iliwachapa kwa mapenzi yaleyale.

Waziri wa Elimu wa nchi hiyo, Mheshimiwa Profesa Lumbwike, alikuwa mpenzi mkubwa wa safari za mafunzo. Mwaka mmoja alikwenda kujifunza katika nchi ya baridi, akaingizwa katika shule ambayo watoto walikuwa wameketi chini, mmoja akimimina maji kutoka kikombe hiki kwenda kile, mwingine akimchungulia konokono, wa tatu amelala fofofo, na hakuna aliyewagusa. Mheshimiwa akauliza mwalimu yuko wapi. Akaonyeshwa mtu mmoja aliyechuchumaa karibu na yule wa konokono, kimya. Inasemekana Mheshimiwa alitokwa na chozi. Wengine wanasema ilikuwa ile baridi.

Aliporudi akaita umma uwanjani. "Ndugu wananchi!" akanguruma. "Kuanzia leo, tangu chekechea hadi kidato cha nne, elimu itamfuata mtoto! Mtoto ataongoza, mwalimu atafuata! Na mtoto yeyote atakayekaidi kuongoza, atachukuliwa hatua kali!" Watoto elfu tatu waliokuwa wamesimama juani tangu alfajiri wakapiga makofi, kwa kuwa makofi hayo walikuwa wamefundishwa wiki nzima.

Ili ionekane kwamba wazo lilizaliwa hapohapo nyumbani, ikaundwa Tume ya watu saba itafute ni wapi nchini elimu ya namna hiyo ilikuwa ikitolewa tangu enzi za mababu. Tume ikazunguka wilaya kumi na nne, ikanywa supu katika zote, na mwishowe ikafika kwa Mwalimu Tunu.

*

Mwalimu Tunu Mlekwa alikuwa mwalimu wa serikali kwa miaka kumi na tisa, akaachishwa kwa kosa la kushindwa kunyamazisha darasa. Hakubisha, maana ni kweli alishindwa. Kila alipotaka kumnyamazisha mtoto, alijikuta anataka kwanza kusikia alichokuwa anataka kusema. Akarudi kwao Ng'ambo ya Reli, akaomba ghala la pamba lililobaki ukiwa tangu kinu kilipokufa, akaupaka mlango rangi nyeusi ukawa ubao. Wakaja watoto ishirini na watatu, mdogo ana miaka minne, mkubwa kumi na sita, wote chumba kimoja. Wadogo walihesabu mbegu za pamba zilizojaa kwenye nyufa. Wakubwa walipima matundu ya bati na kukadiria mvua itaingia ndoo ngapi, kisha wakaingoja mvua waone nani kapatia. Aliyejua alimwonyesha asiyejua. Mwalimu alikuwa na kiti, lakini kiti chenyewe kilitumika zaidi kupandia, kutazama viota vya mbayuwayu darini.

Sisemi ilikuwa shule bora kuliko zote. Choo chake kilikuwa aibu tupu. Ila watoto walikuwa wakifika kabla ya mwalimu, na jioni ilibidi wafukuzwe warudi kwao.

Asubuhi ile Tume ilipangwa kwenye viti vya kuazima, na mbele kabisa akaketi katibu wake, Bwana Hamduni Tepete, mtu mwembamba mwenye kalamu nne mfukoni. Hawajatulia, akaingia mbuzi. Alikuwa mbuzi wa jirani, jike, mweupe, pembe ya kushoto imevunjika. Akasimama katikati ya ghala, akawatazama wageni, taya zinakwenda.

Kulikuwa na mtoto wa miaka sita, jina lake Siwema, aliyekuwa amepiga magoti kwenye mbegu zake. Akainua kichwa, akakunja uso.

"Mwalimu, mbona anatafuna na hajala kitu?"

Mwalimu Tunu angeweza kumjibu hapohapo. Alikulia kwenye mifugo. Lakini aliuona ule uso ulivyokunjana, akaona ni dhambi kuukunjua kwa jibu la mtu mwingine. "Sijui," akasema. "Hebu tumtazame."

Mbegu zikaachwa, mabati yakaachwa. Siwema akaweka kiganja kwenye shingo ya mbuzi, akangoja, akapiga kelele: "Kinapanda! Kuna kitu kinapanda!" Wakapokezana kushika. Wakahesabu hutafuna mara ngapi kabla hakijashuka tena. Mkubwa mmoja akachora koo mlangoni, wakambishia, akafuta, akachora upya. Hadi adhuhuri Siwema alikuwa ameshika kiuno kama mzazi wake. "Kumbe anakula harakaharaka kwanza, halafu anakirudisha akitafune vizuri akiwa ametulia!" Akacheka mpaka akakaa chini. Mwalimu Tunu naye alicheka, na machozi yakamlenga, kwa furaha ambayo katika miaka yake yote kumi na tisa ya utumishi hakuwahi kuionja.

Bwana Tepete alikuwa akiandika muda wote. "Mbuzi, mmoja. Jike. Mweupe. Pembe ya kushoto, imevunjika." Kisha akasogea karibu kwa heshima. "Samahani, Mwalimu. Mbuzi huwa anaingia saa ngapi?"

"Haingii, bwana. Leo kapotea njia tu."

Bwana Tepete akatazama saa yake, akaandika: saa tatu na nusu.

*

Miezi mitatu baadaye ukatoka Waraka Namba Moja wa Udadisi. Wizara nayo ikapanuka, ikawa Wizara ya Elimu, Malezi na Mshangao. Waraka uliagiza kwamba kila shule iwe na mbuzi jike mweupe mwenye pembe ya kushoto iliyovunjika, na ambapo pembe ingekutwa nzima, mwalimu mkuu aivunje mbele ya mashahidi wawili. Mbuzi angeingia darasani kwa ghafla, saa tatu na nusu, kila Jumatatu. Mwanafunzi mmoja angekunja uso na kuuliza, kwa hiari yake, swali lililochapishwa. Mwalimu angejibu, "Sijui. Hebu tumtazame," na kutia sahihi kwamba hajui. Walimu mia mbili na tatu walisimamishwa kazi muhula wa kwanza kwa kosa la kujua. Chekechea zilipewa vitoto vya mbuzi. Sekondari zilipangiwa beberu, lakini neno hilo likazua mjadala mkali bungeni, zikarudishiwa jike.

Mbuzi wakawa haba. Wilaya yenye shule sitini ilipata wanne. Wakawa wanasafirishwa kwa bodaboda shule hadi shule, kitambulisho shingoni, picha imepigwa kwa mbele na kwa ubavu. Shule zilizokosa ziliruhusiwa kutumia mtoto mahali pa mbuzi. Katika shule moja mtoto wa darasa la pili alitafuna vizuri sana hata akazuiwa kupanda darasa la tatu.

Mwalimu Tunu aliposikia hayo alivaa viatu vyake vya harusi na vya misiba, akaenda wilayani. Bwana Tepete alikuwa ameshapandishwa cheo, sasa ni Afisa Udadisi wa Wilaya.

"Shikamoo, Mwalimu wetu! Karibu sana."

"Marahaba, baba. Nimekuja kwa jambo moja. Mbuzi siku ile alipotea njia. Kesho yake watoto waliuliza habari za kutu. Keshokutwa, mbona mwezi unaonekana mchana. Mbuzi si kitu, bwana. Angeingia hata mende."

Bwana Tepete akatabasamu kwa upendo. "Unyenyekevu huo, Mwalimu, tumeuweka kwenye mwongozo. Ukurasa wa kumi na tisa."

"Nakuambia kitu ni yule mtoto!"

"Mtoto yumo. Ukurasa wa saba. Tena kuna picha."

Mwalimu Tunu akaeleza upya, polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Alikuwa anampigia mbuzi gitaa. Alipomaliza, Bwana Tepete alimshukuru, akampa kofia yenye picha ya mbuzi.

Wiki iliyofuata wakaguzi walifika ghalani saa tatu na nusu kamili. Hapakuwa na mbuzi. Yule wa jirani alikuwa ameliwa harusini. Watoto walikutwa wamelala kifudifudi wanawatazama siafu wakihama, na mmoja aliuliza kama siafu wana mwalimu. Ripoti ilisema shule haikidhi viwango vya elimu inayomfuata mtoto, kwa kuwa watoto walikutwa wanafuata siafu. Ikafungwa Ijumaa. Jumamosi Mwalimu Tunu aliitwa uwanjani, akavishwa nishani ya mwasisi wa elimu hiyo, na ghala lake likatiwa kufuli, likahifadhiwa nakala za mwongozo.

Watoto wake wakahamishiwa Shule ya Mfano, iliyokuwa na madarasa yote, chekechea hadi kidato cha nne, na ukuta. Mwalimu Tunu akaomba kazi huko. Akaambiwa hana Stashahada ya Udadisi. Kwa heshima ya nishani yake, hata hivyo, wakampa nafasi ya Mtunza Mbuzi, Daraja la Tatu, asiyeruhusiwa kuzungumza na wanafunzi kuhusu masomo. Ndugu zake walimwambia akatae. Alikubali, kwa sababu watoto wake walikuwa ndani ya ule ukuta.

*

Miaka ikaenda. Mtaala ukakomaa, ukaota mtihani, kama ilivyo ada. Ukaitwa Mtihani wa Taifa wa Udadisi, na bila kuufaulu mwanafunzi hakuvuka kidato cha nne hata angejua mengine yote. Alama zilijulikana: uso kukunjwa, kumi, kidole mdomoni, kumi, kuuliza kwa sauti ya mtoto wa miaka sita, ishirini, swali lenyewe neno kwa neno, sitini. Wazazi wakapeleka watoto twisheni za mshangao. Mitaani kikauzwa kitabu, *Swali la Ghafla na Jinsi ya Kulikariri*. Mwaka mmoja mtihani ulivuja, na wanafunzi wa mkoa mzima wakakutwa wameshangaa siku moja kabla.

Mwalimu Tunu aliyaona yote kutoka bandani. Aliwaona watoto wake ishirini na watatu wakizimika mmojammoja. Yule aliyechora koo mlangoni akawa hodari wa kukunja uso, akapata zawadi. Aliyeuliza habari za mwezi akaacha kutazama juu. Usiombe kuona jambo hilo, msomaji, hasa ikiwa ndiwe uliyewasha.

Akabaki Siwema. Kila jioni Siwema alileta fungu la majani bandani, kazi aliyojipangia mwenyewe, na akiwa ameinama kwenye hori alinong'ona: "Mwalimu, mbona sauti ya nyundo inachelewa kufika kuliko nyundo yenyewe?" Au, "Mwalimu, maumivu ya jino yanakaa kwenye jino, au kichwani?" Naye Mwalimu Tunu, huku akifagia, alijibu kwa midomo isiyotikisika: "Sijui. Wewe unaonaje?" Dakika tano zile ndizo zilizokuwa shule yake yote iliyobaki, kuanzia chekechea hadi sekondari. Aliishi kwa ajili ya hizo. Siku Siwema alipougua malaria, mama mtu mzima yule alishinda ameshika ufagio bila kufagia.

Siwema alipofika kidato cha nne ukafanyika mtihani wa majaribio. Aliyeuliza swali lile ghalani alikuwa yeye. Picha ya ukurasa wa saba ilikuwa yake, meno mawili hayapo. Akasimama mbele ya mbuzi, akasema: "Mwalimu, mbona tunauliza kitu ambacho wote tunakijua?" Akapewa sifuri, na barua nyekundu kwa mzazi.

*

Mama yake, muuza vitumbua, alikuja bandani siku moja kabla ya mtihani wa taifa, unga haujamtoka mikononi.

"Dada Tunu, mimi mwingine sina. Akifeli huu, ndiyo basi, anakuja kukaa na mimi kwenye moshi. Na anataka kusomea madawa ya mifugo, unajua mwenyewe. Jana nimemwambia akariri, ananiambia, mama, jibu lake nalijua. Sasa jibu litamfikisha wapi?"

"Unataka nimwambie nini, mdogo wangu?"

"Mwambie aulize la kitabuni. Mimi hanisikii. Wewe anakusikia."

Mwalimu Tunu alitaka kukataa. Lakini aliitazama mikono ile yenye makovu ya mafuta. Shule yake ile kufa kwa mkono wa Bwana Tepete, angevumilia. Hili la kuiua mwenyewe lilikuwa jingine. Jioni Siwema alipoinama kwenye hori, alimwambia, bila kunong'ona safari hii:

"Kesho uliza la kitabuni, mwanangu."

Siwema akageuka, majani mkononi. "Hata wewe, Mwalimu?"

"Hata mimi. Uvuke kwanza. Ukishavuka utauliza yote."

Siwema akaweka majani horini, akaenda zake. Hakuuliza kitu jioni ile.

Mbuzi naye hakuyagusa majani. Alikuwa mzee, na ilikuwa siku ya pili hacheui. Mfugaji yeyote atakuambia, mbuzi akiacha kucheua, roho iko mlangoni. Mwalimu Tunu alikuwa ameripoti kwa maandishi. Akajibiwa kwa maandishi kwamba mbuzi wa mtaala haruhusiwi kuugua wiki ya mtihani.

Asubuhi akambeba zaidi kuliko kumwongoza, akamlaza katikati ya ukumbi, akasimama na kamba mkononi kama kanuni inavyotaka, mdomo kimya. Mezani walikuwapo watahini watatu, Bwana Tepete katikati. Sasa alikuwa na kalamu sita.

"Mtahiniwa namba arobaini na moja!"

Siwema akaingia, akasimama kwenye alama ya chaki. Akamtazama mbuzi. Mwalimu Tunu aliona macho yake yakishuka kwenye taya, yakakaa hapo. Taya hazikwenda. Siwema akainama kidogo, na uso wake ukakunjana, si kwa alama kumi. Ulikunjana vile vile kama siku ile kwenye mbegu za pamba, miaka kumi na mmoja nyuma. Mkono wake ukaanza kunyooka kuelekea shingo ya mbuzi.

Uliza, mwanangu, akasema Mwalimu Tunu ndani kwa ndani. Hatafuni, umeona, sasa uliza mbona. Na wakati uleule akaiona mikono ya mama mtu na makovu yake, akaomba asiulize.

Siwema aliinua macho, akamtazama yeye, akingoja.

Mwalimu Tunu akatikisa kichwa, kukubali la kitabuni. Alitikisa kidogo sana.

Mkono ukarudi. Siwema akanyooka, akatia kidole mdomoni, na kwa sauti nyembamba ya mtoto wa miaka sita akasema: "Mwalimu, mbona anatafuna na hajala kitu?"

"Sijui," akasoma Bwana Tepete. "Hebu tumtazame."

Muda wa kutazama ni dakika tatu. Wakamtazama wote. Dakika ya pili mbuzi akanyoosha miguu, akatetemeka ngozi, akatulia. Mtahini wa kushoto akanong'ona kitu. "Muda haujaisha," akajibu Bwana Tepete. Saa ilipogonga akaandika kwenye fomu, mahali pa hali ya mbuzi: anatafuna. Kisha akaweka mia kwa mia, akainua kichwa, macho yamemlowa. "Hii," akasema, "ndiyo elimu."

Watahiniwa themanini na sita waliobaki wakaingia mmojammoja, wakauliza vilevile, hadi saa tisa.

Alasiri Mwalimu Tunu alikuwa nyuma ya banda anachimba shimo. Siwema akapita, amevaa utepe wa waliofaulu. Mwalimu akaegemea jembe.

"Siwema. Uliona kwamba hatafuni?"

"Niliona."

Akamngoja aendelee. Akangoja tena, kama alivyokuwa akingoja mvua na watoto wake. "Sasa hutaki kujua mbona?"

Siwema alimtazama mbuzi, akalitazama shimo, akafikiri, maana alikuwa bado mtoto mwenye adabu. "Hilo halimo kitabuni, Mwalimu," akasema. Akamuaga kwa heshima, akakimbilia foleni ya kupigwa picha.

Na hadithi yangu imeishia kwenye shimo hilo. Msomaji mwenye swali anaombwa ahakikishe kwanza kama limo.